Mwaka Mjusi Alipotembea

Jumamosi iliyopita tulianua tanga la mjomba wangu Simeoni kule Mtama, na nimerudi Lindi sauti imenikauka. Si kwa kulia. Mjomba alikula chumvi nyingi, akazeeka mpaka uzee ukamchoka, na machozi yangu mengi yaliishia siku ya maziko. Sauti imekauka kwa kupiga mayowe nikikimbia, mtu mzima na magoti yangu haya yanayolia kama bawaba, na sababu ya kukimbia nitaisema, ila hadithi haianzwi mkiani. Nianze na Somoe. Somoe ni shoga yangu wa tangu usichana, Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu wa kunichokoza popote anaponiona. Alikuja kutoka Kilwa Masoko anakoishi siku hizi, akashuka na kapu la samaki wakavu, akanikuta uani nimekaa mkekani nachambua mchele. Hata pole hakuanza nayo. "Nyie Wamakonde," akasema, "mna msiba na bado mnachambua mchele kwa uchoyo hivyo, punje moja moja!" Kisha akanikumbatia akalia, nami nikalia, tukamaliza, akajivutia ungo wake tukaendelea.

Pembeni yetu alikaa Neema, mjukuu wa mjomba, binti wa sekondari, ameinamia simu. Somoe hana haya, akanyoosha shingo kuchungulia. Kulikuwa na dude kubwa la magamba linabomoa mji, maghorofa yanaporomoka, watu wanakimbia. Somoe akalitazama kidogo akasonya. "Linateleza hilo, limepakwa mafuta. Halina uzito." Neema akacheka, akatueleza kwa huruma ya vijana kwamba bibi, hilo limetengenezwa kwa kompyuta, kila gamba linang'aa kivyake. "Ndiyo maana," Somoe akamjibu. "Hakuna mtu aliyelishika. Leoka, mwambie mtoto habari za mjusi." Nikamwambia Neema siku nyingine, leo nina mchele. Lakini mkono uliendelea na mchele, moyo ulishaondoka, ukarudi kwenye mwaka ule nilioishi katika uwanja huohuo, nikiwa nimemaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa kuendelea.

Nililetwa Mtama kutoka Newala nije nimsaidie Mama Teckla, mke wa mjomba. Ndivyo walivyosema watu wazima. Ukweli ni kwamba hawakujua wanifanyie nini. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ya udongo, na ukuta wa chumba changu haukufika juu, kwa hiyo kila lililosemwa upande wa pili nililisikia kama nimeambiwa mimi. Jikoni kulikuwa nje, banda la makuti, na hapo ndipo nilipojifunza kula vizuri: ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, mbaazi za nazi, ugali wa muhogo na kisamvu ambacho Mama Teckla alikitwanga mpaka kinu kikaomba radhi. Na kando ya jiko, hatua chache tu, lilikuwako banda la kuchongea la mjomba. Asubuhi yote ungesikia tezo yake ikila mpingo, ko, ko, ko, na vipande vyeusi vinarukia mpaka kwenye unga wangu. Alichonga wazee wenye fimbo, akina mama wenye vikapu, na mijusi. Mijusi ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa midogo ya kutosha kiganjani, lakini ukiiweka chini ulisita kuigusa, kwa jinsi ilivyokaa tayari kukimbia. Nilimwomba mjomba anifundishe. Hakuinua hata macho. "Tezo si mwiko wa ugali," akasema. Nikaomba tena siku nyingine, akasema lilelile, kwa sauti ileile.

Sasa Hashimu. Hashimu alikuwa kijana wa kutoka Kiswere, kule pwani, mwembamba, mwenye maneno, aliyekuja Mtama na televisheni, deki na jenereta, akajenga kibanda cha video kwenye kiwanja alichopewa na ukoo wetu kwa maneno ya mdomo tu. Alikuwa pia na kamera ya kupigia picha za harusi, ile ya kubeba begani. Filamu alizionyesha alasiri, na kwa kuwa hakuna aliyejua Kiingereza cha filamu zile, yeye mwenyewe alisimama kando ya televisheni na fimbo akitafsiri, na alipokuwa haelewi alitunga. Mimi na Somoe tulikaa mbele, chini kwenye mchanga. Tuliona mapanga, tuliona ngumi, tuliona wapenzi wa Kihindi wakikimbizana kwenye bustani. Kisha siku moja akaweka mkanda aliouokota kwenye lundo la mitumba Dar, jalada limebanduka, jina lake silijui mpaka leo. Picha haikuwa na rangi. Ukungu ukafunika bonde, mawe yakaanguka, na kutoka kwenye pango akatoka mjusi mrefu kuliko mnazi, ana pembe moja puani na mkia wa kuangusha mabehewa. "Wananchi," Hashimu akatangaza, "mjusi huyu ameudhika!" Kibanda kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika mkono wa Somoe, na nadhani niliubana sana maana alinipiga kofi la bega.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu nilichokiona, na kila mara nashindwa. Hakutembea kama mnyama wa kweli, wala hakutembea kama mtu wa kuigiza. Kila hatua alikuwa kama ameifikiria. Mguu ulinyanyuka, ukasita kidogo, ukatua. Shingo ilikata upande huu, ikatulia, ikakata upande ule. Ngozi yake ilikuwa inatetemeka hata aliposimama, mikunjo inahamahama, kana kwamba kuna vidole vinampapasa ambavyo macho hayavioni. Walipompiga risasi aliinama akautazama ubavu wake, akaugusa, kisha akawatazama wale watu, na macho yale ya kubandika yalikuwa na huzuni ambayo sijaiona kwa waigizaji wenye macho yao waliyozaliwa nayo. Nikamlilia mbele za watu. Leo najua kwamba lile lilikuwa sanamu dogo linalosogezwa kidogo likapigwa picha, likasogezwa tena likapigwa tena, mtu kakaa nalo miezi chumbani. Siku ile sikujua hilo. Nilijua tu kwamba kuna mtu alimpenda mjusi yule, na kwamba nami nataka kupenda kitu namna hiyo kwa mikono yangu. Tukarudi kesho yake, na keshokutwa yake, tukamwomba Hashimu aurudie mkanda mpaka akachoka.

Balaa lilianza kwa mbaazi. Niliziacha motoni nikasema naenda na kurudi, nikanogewa, zikaungua, na mjomba akaja mwenyewe kunitafuta, yuko na wazee wawili wenzake. Akasimama mlangoni na fimbo yake. Kwenye televisheni mjusi alikuwa anatoka pangoni. Mjomba alitaka kuniita, nikaona mdomo umefunguka, ukabaki hivyohivyo. Akatazama. Wazee nao wakatazama. Kisha akaunguruma: "Zima!"

"Shikamoo mzee Simeoni, karibu ndani," Hashimu akasema, "hapa panapoanza ndipo panaponoga."

"Zima, nimesema. Nani kakupa ruhusa ya kutoa lipiko mbele ya wanawake?"

Hashimu akatutazama sote kama tutamsaidia. "Lipiko? Mzee wangu, wallahi hii ni filamu. Ni ya Wazungu!"

"Wazungu nao wana jando lao," mjomba akasema. "Mtazame bega. Tazama anavyokata shingo, anavyotulia. Hiyo haichezwi na mtu asiyefundishwa. Huyo aliye nda..." Akalimeza neno, akakohoa, akatuangalia sisi wasichana tulioko chini. Somoe akanifinya paja.

Lazima nieleze hapo, kwa asiye wa kwetu. Vijana wa Kimakonde wanapotoka jandoni, au tanga la mzee linapoanuliwa, lipiko linakuja kucheza. Lina uso wa mbao, mwili wote umefungwa nguo mpaka vidoleni, njuga zinalia kiunoni, na linacheza kwa kukatakata: kichwa kinageuka ghafla, kinatulia, bega linaruka, linatulia. Wanaume wanasema mle ndani hamna mtu, ni mzimu uliotoka ardhini. Sisi wanawake tunasema tumesikia. Linapotujia tunakimbia tukipiga mayowe, na tunarudi, na linatufukuza tena, na ndiyo raha yenyewe. Mama Teckla kila siku ya mapiko alibandika maji mengi ya moto na kuponda majani ya kumkanda mjomba mabega. "Mjomba wako amelima sana leo," ananiambia, siku ambayo hakuna mtu aliyeonekana na jembe. Nilipomtazama usoni alinitazama naye bila kupepesa. "Kujua ni kwa moyo, mwanangu. Mdomo una kazi nyingine." Kwa hiyo mjomba alipomwona mjusi anakata shingo, hakuwa mjinga hata kidogo. Aliona uchezaji anaoujua kuliko mtu yeyote Mtama, akaona umemwagwa hadharani mbele ya wanawake na watoto, na mtu wa Kiswere anachukua kiingilio.

Amri ikatoka siku hiyohiyo. Mwanamke na mtoto asiyekwenda jandoni marufuku kuingia kwa Hashimu, filamu yoyote, la sivyo nguzo zing'olewe kwenye kiwanja cha ukoo. Hashimu alishika kichwa. Mimi yangu niliipata nyumbani, kupitia ule ukuta usiofika juu, nikiwa nimelala na njaa kwa hasira. "Korosho zikishaanguliwa anarudi Newala," mjomba alikuwa anasema. "Kibanda kile kimemharibu."

"Hakijamharibu," Mama Teckla akajibu. "Mtoto anataka kuchonga. Alikuwa anataka hata kabla ya kibanda. Unamwona anavyookota vipande vyako? Anavilaza na nguo zake."

"Tezo si mwiko, Teckla."

"Umeshasema hilo. Sema na lingine."

 Kisha nikamsikia mjomba, si kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayeogopa kitu kweli. "Leo atachonga kijiko. Kesho atachonga mjusi. Keshokutwa atachonga uso. Uso ukishachongwa na mwanamke, nani atakimbia?" Nilijua anasema uso upi, ule wa mbao tunaoukimbia. Mimi nililala macho wazi. Newala sikuwa na chuki nayo, lakini nilijua nikirudi kule nitaolewa kabla ya mvua nyingine, na mikono yangu itashika kila kitu isipokuwa kile ilichokitaka.

Na tazameni nilivyobanwa. Nilikuwa na hakika kwamba ndani ya mjusi wa Hashimu hamkuwa na mtu. Sijui nilijuaje, labda kwa ile ngozi inayohamahama. Ningemwendea mjomba nikamwambia, mjomba, mle hamna mtu, ni sanamu tu! Lakini nitasemaje kwamba mle hamna mtu, wakati mimi mwanamke sina ruhusa ya kujua kwamba popote pengine mna mtu? Ukilikana hili umeshalikiri lile. Nilimweleza Somoe tukiwa kisimani, akaishiwa na utani kabisa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Basi usiseme," akanambia mwishowe. "Huwezi kusema, onyesha."

Kuonyesha kulikuja kwenye sinia la pilau. Dada yake Somoe aliolewa, Hashimu akapiga picha, na kwa kuwa mikanda ilikuwa ya kununua mbali, alikuwa anaibana: anapiga kidogo, anazima, anawasha tena watu wakishajipanga. Tulipoitazama harusi ile nyumbani kwa akina Somoe, sinia likaruka kutoka huku mpaka kule bila mtu kuligusa. Bibi yake Somoe, aliyekuwa amekaa kushoto, ghafla akawa kulia, na kanga yake imetulia vilevile. "Astaghafirullah, nani kanibeba?" bibi akapiga kelele, na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Mimi nikasimama. Nilisimama mbele ya televisheni nikawaziba watu, wakanizomea, sikuwasikia. Sinia lilitembea! Lilitembea kwa sababu kamera ilifumba macho wakati mtu analihamisha. Nikatoka mbio nikamkuta Hashimu anafunga nyaya, nikamweleza huku napumua juujuu, akanitazama hivi, akacheka polepole, akasema, "Mtoto wa Kimakonde wewe, Mungu akulinde na akili zako."

Mjusi nilimpata kwenye takataka za mchongaji. Mjomba alikuwa amemtupa kwa sababu mguu mmoja ulipasuka. Nikamkata miguu yote minne kwa kisu cha jikoni, nikatenganisha na shingo, nikaviunga upya kwa vipande vya mpira wa baiskeli na waya, mpaka nikawa naweza kumkunja na akabaki alivyokunjwa. Vidole vilijaa majeraha, nikasema ni kisamvu. Tulipiga picha jikoni kwa Mama Teckla, mchana mjomba akiwa shambani, kamera imekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mlima wetu ulikuwa chungu kikubwa, bonde lilikuwa mchanga, ukungu ulikuwa moshi wa kuni mbichi. Mimi nasogeza mguu kidogo, kama unene wa ukucha, Somoe anapiga kelele, "Toa mkono!" Hashimu anabonyeza, anazima. Nasogeza tena. Kuku wakapita, hatukuwa na la kufanya. Mama Teckla alikaa pembeni anamenya ming'oko na hakuuliza lolote, ila mara moja alipoona nimechoka machozi yananilenga, alinisogezea bakuli. "Kula kwanza. Mjusi hana njaa." Alasiri nyingi zilikwenda hivyo, na nikagundua kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuniambia: ukikaa na kiumbe unamsogeza kidogo kidogo, unaanza kumwuliza. Sasa unataka kwenda wapi? Unaogopa? Na yeye anakujibu kwa mguu unaofuata. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile, na Newala ilikuwa inanisubiri.

Nisingeweza kuingia kibandani, na mjomba asingekubali kuitwa na Hashimu. Mama Teckla ndiye aliyekata shauri. Alichinja kuku wawili, akaalika wazee walewale waje kula, na walipokuwa wanalamba vidole televisheni ikaja juu ya mkokoteni. Mjomba akakunja uso. "Hapa ni uani," Mama Teckla akasema kwa upole wote wa duniani, "na uani ni kwangu." Jenereta likanguruma. Nilisimama nyuma ya nguzo ya jiko, Somoe kanishika kiuno. Nilijua mjomba akikasirika sasa, hata asubuhi sitaingoja, nafunga nguo zangu.

Moshi ukajaa kwenye kioo. Chungu kikaonekana, kikubwa kama mlima kweli. Kitu cheusi kikachungulia ukingoni, kikarudi, kikachungulia tena. Mjusi akatoka. Akateremka, mguu mmoja, akasita, mguu wa pili, akakata shingo kushoto, akatulia, akakata kulia. Kuku akapita kama umeme akatoweka, na mzee mmoja akaruka kwenye kigoda. Mjusi akatembea mchangani akasimama, akaugeuza uso wake kwetu, akainua mguu wa mbele taratibu, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Ikaisha. Ilikuwa fupi kiasi kwamba mzee aliyekuwa na mfupa mdomoni alikuwa bado nao.

"Rudisha," mjomba akasema. Hashimu akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu mjomba alisogeza kigoda mpaka pua inakaribia kioo. Kisha, bila kugeuka: "Mlete."

Nilikuwa nimemfunga kwenye pindo la kanga. Nikamfungua nikampigia goti mjomba nikampa. Akamgeuza. Akamtambua, niliona kidole gumba kinauparaza mgongo alioulainisha mwenyewe, kikashuka kwenye ule mpasuko, kikafika kwenye mpira wa baiskeli. Akaukunja mguu, ukabaki ulivyokunjwa. Mjusi alilala kiganjani mwake na kiganja kikasalia. Mmoja wa wazee akashindwa kujizuia. "Lakini Simeoni, humu haingii hata pan..." Akaziba mdomo, akatazama wanawake tuliojaa uani. Wanawake wote tukatazama chini, kila mmoja ameona sisimizi wa maana sana.

Mjomba akanitazama mimi. "Leokadia. Ulitaka kutuonyesha nini?"

 Jibu la kweli lilikuwa ulimini, na jibu la kweli lilikuwa haramu, naye alijua, na nilijua kwamba anajua. Ananipima. Nikasema, "Nilitaka kuonyesha kwamba mjusi wako anatembea vizuri, mjomba. Mengine mimi sijui."

Kwanza mabega yake yakatikisika. Nikadhani ni hasira. Kisha kicheko kikatoka, kicheko ambacho sikujua anacho, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono ulio na mafuta ya kuku, na wazee wakacheka, na Mama Teckla akaondoa masinia akiwa ameuma midomo. "Mnyama wa Hashimu ni mjusi," mjomba akawatangazia, "mjusi tu. Watu wakamtazame." Lakini mimi hakuniachia niondoke. Alimnyanyua mjusi mbele ya macho yangu. "Mkia umekufa," akasema. "Miguu inatembea, shingo inatembea, mkia unaburuzwa kama kuni. Mkia unaanzia kiunoni, hukuona?" Nikasema sikuona. Asubuhi yake nilipotoka kuwasha moto nikakuta vigoda viwili kwenye banda la kuchongea. Hakusema karibu, na habari za Newala hakuzitaja tena, siku hiyo wala nyingine. Alinipa tezo, akanipa gogo, akasema, "Anza na mkia."

Nimekula kwa tezo ile maisha yangu yote. Nachonga wanyama wa viungo, wa watoto kuchezea, na Lindi hii kuna nyumba nyingi zenye mjusi wangu anayekata shingo. Uso sikuwahi kuchonga. Sikuombwa, na mimi nilikumbuka alichokisema nyuma ya ukuta, nikakiheshimu. Mpaka mwaka juzi, mikono ya mjomba ilipoanza kutetemeka kiasi kwamba hata kikombe cha chai alikishika kwa miwili. Akaniita Mtama. Nikamkuta bandani kwake, mbele yake gogo la mti mwepesi, si mpingo. "Nichongee," akasema.

"Nikuchongee nini, mjomba?"

"Uso."

"Uso wa kazi gani?"

Akanitazama kwa yale macho yaliyokwishaingia ukungu. "Hujui?"

"Sijui."

"Basi chonga." Nikachonga, yeye kakaa ubavuni ananielekeza kwa sauti, punguza shavu, acha hapo, na tezo iliteleza mara moja kwenye nyusi ya kushoto ikaacha alama. Nikataka kuifuta, akanizuia. "Iache. Mtu akikosa alama si mtu." Ulipokwisha aliupapasa wote kwa vidole vinavyotetemeka, polepole, kama alivyompapasa mjusi, akaufunga kwenye shuka. Sikuuona tena, na sikuuliza.

Jumamosi, baada ya chakula cha tanga, ngoma zikalia nyuma ya nyumba. Wanawake tukajikusanya upande wetu, Somoe kanishikilia mkono, Neema kaambiwa aweke simu kiunoni. Lipiko likatoka. Likasimama, likatulia, njuga kimya. Kisha likakata shingo kwetu, na jua la alasiri likalipiga usoni, nikaiona ile alama ya tezo kwenye nyusi ya kushoto.  Lile tetemeko la kidole cha mjomba, ule mkono wangu, vyote vilikuwa pale vinacheza, vinaishi, vinanitazama. Bega likaruka. Likatulia. Likaanza kutujia.

Neema akanivuta kanga. "Bibi," akaninong'oneza, "mle ndani kuna nani?"

Nikamkumbuka mjomba nyuma ya ukuta usiofika juu, mzee wa watu anaogopa, anauliza nani atakimbia.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Kimbia!" Na nikakunja kanga yangu juu ya magoti haya mabovu, nikapiga yowe la kufika Newala, nikakimbia mbele ya wanawake wote.